Sentimita Moja kwa Siku Mbili na Nusu

Mzee niliyekuwa nikimuuguza Lewisville, kaskazini ya Dallas, alikuwa Mpolandi, na kwa ukaidi alinishinda hata mimi. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kumlisha na kumtembeza. Matatu ya mwanzo alinivumilia. Kutembea alikataa katakata. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mguu wa kushoto, na aliagizwa atembee koridoni kila siku kwa gongo lake la miguu minne. Akaniambia kwamba yeye hatembei mahali pasipofika popote.

Sikumlaumu, maana na mimi nilikuwa mwaka wa saba sijafika popote. Kwetu Pemba nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa niliomba hifadhi, na kesi ilikuwa bado imelala. Kibali cha kazi nilikuwa nacho, leseni na gari pia. Niliweza kuendesha tangu alfajiri mpaka magharibi na bado nikawa Texas. Kutoka nje ya nchi ndiko nisikoweza. Jirani yangu Mkenya alinieleza mapema, tena bila kupaka mafuta: "Usijaribu. Uki-travel kwenda kwenu, kesi ume-abandon. Hiyo ni automatic, bro."

Siku moja natafuta soksi za mzee, nikakuta chini ya droo ramani ya karatasi, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ilikuwa ya milima ya Beskid, kusini mwa Polandi. Nilipoiona ile mistari ya kontua mate yalinidondoka. Miaka saba sikuwa nimeshika ramani ya maana.

Mzee akanionyesha kona ya chini, kulia. Watalii hawaendi huko, alisema. Wao wanakwenda kwenye milima mirefu ya magharibi kupigana picha. Kwao yeye ni vilima, misitu na vijiji ambavyo watu wake walipakiwa na kuhamishwa baada ya vita, na nyumba zikaoza. Kilichobaki ni misalaba ya mawe, visima, na miti ya matufaha iliyopangwa safu mbili, kuonyesha palipokuwa na barabara. Kila mwaka inachanua na hakuna wa kuchuma.

"Sisi mahali kama hapo tunapaita mahame," nikamwambia.

Akalirudia neno mara tatu. Akalipenda kuliko Kiingereza chote alichojifunza hapa.

Hapo ndipo ualimu uliponipanda kichwani. Koridoni ni mita kumi. Kwenda na kurudi ishirini. Safari kumi kwa siku ni mita mia mbili. Kwenye ramani ile sentimita moja ni nusu kilomita, basi sentimita moja tungeimaliza kwa siku mbili na nusu. Nikatia nukta ya penseli kwenye kituo kidogo cha treni, nikamuuliza kijiji chake kiko wapi. Mzee akashika gongo, akainuka.

Tulikwenda hivyo miezi minane. Wiki nzima tulikwama kwenye kijito, kwa sababu alishikilia kwamba daraja lake la mbao limeoza. Kwenye mwinuko alipumzika mlango wa choo, ndio uliokuwa genge letu la mlimani. Alinieleza kanisa lililoezekwa kwa vigae vya mti, na jibini ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Binti yake alitukuta Julai, nje jua la kupasua mawe, ndani kiyoyozi kimeteremshwa mpaka mwisho, baba yake kavaa kofia ya sufu. Huko juu kulikuwa na baridi. Binti alicheka, kisha akaingia jikoni akalia.

Kosa langu ni kumsimulia mama. Mama yangu naye alikuwa kitandani Wete, miguu imemwishia, na kila jioni nilimpelekea ujumbe wa sauti. Nikasema, "Leo tumevuka mto, mama. Leo tumeingia msituni." Yeye akaelewa nipo huko kwa miguu yangu. Nilipotanabahi, alikwishawaambia mtaa mzima kwamba mwanawe anamzungusha mzee wa watu milima ya Ulaya. Sauti yake ilikuwa imechangamka. Na sikuwahi kumwambia kwamba nimezuiwa. Hakuna katika sisi anayependa kupiga simu nyumbani kusema Marekani imemfungia mlango. Nikanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliikokota mita mia mbili kwa siku.

Zilipobaki sentimita mbili tufike kijijini kwa mzee, niliitwa Houston kwa mahojiano ya kesi yangu. Saa nne za barabara tambarare, hakuna hata mstari mmoja wa kontua. Nilihojiwa mpaka koo likakauka, kisha nikaambiwa nisubiri barua. Ingekuja lini, hawakusema.

Njiani kurudi nilisimama kutia mafuta, nikafungua ujumbe wa mama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, dada yako ananificha, lakini mwili wangu naujua. Polandi unafika, kwangu hufiki. Nimekaa nimefikiri nimekukosea nini. Kama liko neno nililokutamkia likakuuma, nisamehe. Nakuomba radhi."

Mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mama. Sijapata kusikia mama anaomba kwa mtoto. Nilikaa ndani ya gari mpaka mtu wa nyuma akanipigia honi, na niliona haya ambayo mpaka leo haijanitoka.

Asubuhi nilimwambia mzee leo hatutembei, nikamweleza kwa nini. Alisikiliza, akageuza ramani upande wa nyuma uliokuwa mweupe.

"Chora kwa mama yako."

Nikakichora kisiwa kwa kichwa, uwanja wa ndege, barabara, vilima vya mikarafuu, mpaka mlango wa mama.

"Zimebaki siku tano tu ufike kwenu," nikamkumbusha.

"Kwangu ni mahame," akasema. "Hakuna anayeningoja. Piga simu." Akashika gongo.

Mama alipopokea, mzee alikuwa amekwishaanza.

"Shikamoo mama. Mimi sijafika Polandi. Sijatoka Texas miaka saba. Nikitoka, kesi yangu imekufa. Ile milima ni korido ya nyumba ya mgonjwa wangu."



"Kwa hiyo umefungwa," akasema mama.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekulaumu moyoni miaka yote hiyo." Akavuta pumzi. "Radhi zangu unazo, mwanangu. Hazijakutoka hata siku moja. Hizo kelele za nini?"

"Mzee anatembea. Tumeanza safari ya kuja kwako, kutoka uwanja wa ndege."

"Mtafika lini?"

Kilomita thelathini, mita mia mbili kwa siku. Hesabu hiyo nilikwishaifanya na sikutaka kuitamka.

"Siku mia na hamsini, mama."

Nilimsikia akiirudia polepole.

"Basi mwambie huyo mzee mkaze mwendo."