Mto Alioniletea Mama Safari

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina langu tu ndilo nitalificha, maana tuliokaa nao kwenye kota za shamba la ngano kule Hanang, enzi za shamba la serikali, wengine bado wapo na midomo yao haijachoka.

Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Nambis, mgeni kabisa, na jirani wa kwanza kunikaribisha alikuwa Mama Safari, mtu wa Dongobesh. Ndiye aliyenipa mayai ya bata nikayaatamisha kwa kuku. Ngano iliyomwagika barabarani ilitosha kuwalisha, na bata wangu wakanenepa hadi watu wakawa wanageuka kuwatazama.

Sasa, baada ya majike kumaliza kulea vifaranga, wakaanza kuharibika. Shingo zikabaki na mabaka, rangi ikafifia, wakaacha kutaga. Halafu manyoya makubwa ya mbawa yakaanza kutoka. Bata waliozoea kulala juu ya paa wakawa wanatambaa chini. Na kule ng'ambo ya seng'enge, bata wa Mama Safari walikuwa wanang'aa!

Kilichonitia moto ni hiki. Siku chache kabla, Mama Safari alisimama uani kwangu na kikapu akasema, "Jirani, haya manyoya yanayopeperuka huna kazi nayo? Naomba nikusanye, nimshonee mama yangu mto. Amelazwa Haydom." Nikamwambia kusanya. Alikuja asubuhi, akaja tena, na kila alipokuja bata wangu walizidi kuwa uchi. Nikajumlisha mwenyewe. Huyu hakusanyi, huyu ananyonyoa bata wangu wakiwa hai!

Mume wangu alinicheka. "Hata kuku wa mama hunyonyoka, wakaota mengine. Ndege naye hubadilisha nguo."

"Kuku si bata," nikamjibu. Nilishaamua kuchukia, na mtu akishaamua hivyo hasikii la mwadhini wala la mnadi swala.

Siku moja Mama Safari akaja na mzigo kichwani. Mama yake anaruhusiwa, anakwenda Haydom kumchukua. "Jirani, niangalizie bata wangu. Wape maji tu, kulala wanapanda wenyewe juu ya paa."

Nikamwambia nenda salama, na umpe mama pole.

Alipopanda gari nikachukua mkasi. Niliwakamata mmoja mmoja, dume na majike, nikakata manyoya ya mbawa zote mbili mpaka karibu na nyama. Niseme uongo? Nilifurahi. Mkasi ulikuwa unalia kama unakata nyasi kavu, na kila unyoya ulioanguka nilisema moyoni, na wewe onja. Jioni wakajaribu kupanda paani, wakaanguka. Wakajaribu tena, wakaanguka. Nilikaa mlangoni nikawatazama nikicheka.

Wangu nilikuwa nawafungia jikoni, kwa sababu nilijua hawawezi kuruka. Nawaomba mlisome hilo mara mbili. Wangu nilijua. Wa kwake nikawaacha nje.

Asubuhi nilikuta mbweha amepita. Hakubakia hata mmoja aliye mzima. Mbawa zilitapakaa uani kwake mpaka kwenye mabua ya ngano.

Nikakimbilia jikoni kuangalia wangu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo langu mwenyewe. Bata wote wapo, na sakafu nzima imejaa manyoya. Dume akajinyoosha, akatikisa ubawa, unyoya mrefu ukadondoka mbele ya miguu yangu. Hakuna mkono uliomgusa. Nikamshika, nikapekua ubawa wake. Pale unyoya wa zamani ulipotoka palikuwa na kijiti kipya kinachipua.

Wa Mama Safari walikuwa wamenyonyoka zamani kabla ya wangu, mimi sikuona tu. Ndiyo maana waling'aa. Na unyoya uliokatwa si sawa na uliodondoka. Shina lake hubaki pale pale, halioti jipya mpaka msimu wa kunyonyoka urudi.

Mama Safari alirudi na mama yake. Nikamsalimia bibi, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia ulibaki na bata wetu. Mungu akubariki."

Nikawaambia mbweha. Mama Safari akaokota ubawa mmoja, akapitisha kidole kwenye mashina yaliyokatika sawasawa. Akanitazama.

"Mbweha wa siku hizi wanatembea na mkasi?"

Hakunitukana, hakuniitia watu. Aliinama akaokota manyoya yaliyobaki, mpaka yale niliyokuwa nimeyaficha nyuma ya choo. Baada ya siku chache akagonga kwangu ameshika mto, umeshonwa vizuri kabisa.

"Wa mama nilishamaliza, kwa manyoya laini ya bata wako. Huu ni wako, umejaa ya wangu. Ulalie."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya mwisho kwangu. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka mingi baada ya hapo, nikimsalimia anapita. Lakini kila nilipoanika matandiko kwenye kamba alikuja kusimama kwenye seng'enge, akatazama kama mto upo, ndipo akarudi ndani.

Wewe mwenye bata, ukiwaona wanachakaa na kupukutika, wape chakula kizuri, wafungie ndani, uwaache waote. Usimtafute mchawi wala mwizi kwa jirani, na ukiwa na hasira mkasi uwe mbali.

Mume wangu aliniambia ule mto niuchome moto. Sikuthubutu, Mama Safari angeukosa kambani. Sasa shamba halipo, kota zimebomoka, Mama Safari sijui alikoelekea. Mto bado ninao. Mashina yale niliyoyakata hupenya kitambaa, na yakinichoma shavuni nageuka upande wa pili. Huko nako yapo.