Mfungo wa Mama Makopo

Jina la Mama Makopo alipewa kazini, na aliyempa alikuwa anamtania. Siku hiyo alikuwa amejisahau akasema, mbele ya wenzake wote wa chumba cha kufulia, kwamba akirudi nyumbani hunyanyua makopo. Walicheka mpaka mmoja akaegemea mashine. Wao walifikiri ni makopo ya maziwa. Kumbe yalikuwa makopo ya rangi, yale makubwa, yamejazwa zege na kuunganishwa mawili mawili kwa bomba la chuma. Aliyeyatengeneza ni marehemu mume wake, fundi mwashi mwenye kifua kipana na maneno machache. Mume alipofariki ghafla, makopo yalibaki yamejipanga kwenye ujia wa nyumba, kuanzia madogo hadi yale ya mwisho ambayo hata mwenyewe aliyaheshimu. Mjane alitaka kuyatupa. Lakini ili uyatupe ni lazima kwanza uyainue, na alipoyainua mara ya kwanza hakufikiria tena kuyatupa.

Alikuwa na sababu nyingine pia, na hii hakumwambia mtu. Dada yake mkubwa alimalizia maisha kitandani, mwili umemshinda, akigeuzwa ubavu huu na ubavu ule. Mama Makopo alikuwa mmoja wa waliomgeuza, na aliyaona macho ya dada yake kila mara walipomgeuza. Akajiapiza kwamba yeye hatageuzwa na mtu. Atakuwa na nguvu zake mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo ikifika imkute amesimama.

Kazi yake ilikuwa hotelini, si huko mbele kwenye mazulia, bali chini kabisa, mlango wa nyuma, kwenye mvuke na harufu ya sabuni. Mashine hufua na mashine hukamua, lakini shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili, hakuna njia ya mkato. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule. Mnarudi nyuma, mnavuta mpaka kitambaa kinyooke, mnakunja katikati, kisha mnaendeana. Mkikutana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo wa chini, na mnaachana tena. Siku nzima ni kuachana na kukutana.

Aliyekuwa akikutana naye ni Bi Pembe, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, aliyeitwa hivyo kwa sababu pembe za shuka zikipishana hata kidogo alilifungua lote wakaanza upya. Hakuwahi kuolewa. Alipanga chumba kimoja, na ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwamba ukuta haujambo. Walikuwa wamekunja pamoja kwa miaka mingi hivi kwamba hawakuhitaji kusemeshana. Mmoja akiwa na homa, mwenzake alijua kwa jinsi shuka lilivyolegea.

Na mchana walikula pamoja, kwenye benchi la nyuma ya jengo, karibu na bomba linalotoa mvuke. Hawakuwahi kupatana kwa maneno, ila mambo yalijipanga yenyewe: Bi Pembe alileta wali, Mama Makopo alileta mboga. Mmoja asipokuja, mwingine alikula nusu ya chakula. Ukitafuta mtu mmoja duniani ambaye angejua kabla ya saa sita kwamba Mama Makopo hakuamka leo, ungempata Bi Pembe peke yake, maana mwishowe watoto wote walikuwa mbali na simu zao zilikuwa fupi. Mwenyewe hakuwahi kulifikiria hilo. Mtu hafikirii ukuta anaouegemea.

Mambo yalianza kugeuka pale kitinda mimba wake alipoolewa na kwenda zake. Jioni ya kwanza Mama Makopo alipika kama kawaida, maana mkono wake ulijua sufuria kubwa tu. Akajipakulia, akaketi mezani, akaanza kutafuna. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba alisikia meno yake mwenyewe. Akaacha kutafuna. Akasubiri kidogo, kana kwamba kuna mtu atasema kitu, kisha akafunika sahani. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na keshokutwa hakuwasha jiko kabisa.

Basi katika siku hizo akamsikia mtaalamu mmoja redioni akieleza habari za kufunga kwa siku kadhaa mfululizo, si kwa ajili ya dini bali kwa ajili ya mwili. Unywe maji, utie chumvi kidogo, upumzike vya kutosha. Na kama unanyanyua vyuma usiache, alisema yule bwana, ila nyanyua kizito mara chache na upumzike sana katikati, ili mwili ule mafuta yake na uiache misuli. Mama Makopo aliongeza sauti ya redio. Alichokuwa akikifanya kwa huzuni kumbe kina jina, na kina wataalamu. Tangu hapo hakuwa mjane asiyeweza kula peke yake. Alikuwa mtu anayefunga.

Na alifunga kweli, mwanamke yule hakuwa wa kufanya jambo nusu. Alianza na siku moja, akaenda mbili, akazidisha. Kichwa kilimgonga, kisha kikaacha. Miguu ilipata baridi hata kwenye mvuke wa kazini, na mdomoni alisikia ladha kama amelamba ufunguo. Lakini baada ya hapo kilikuja kipindi cha wepesi ambacho alikipenda kuliko chakula chochote. Aliporudi nyumbani alisimama kwenye ujia, akapangusa viganja kwenye kanga, akainama, akanyanyua. Kisha akaketi kwenye kigoda akingoja pumzi irudi, akanyanyua tena. Jikoni palikuwa safi, na sasa palikuwa na sababu ya kuwa safi.

Kazini taabu ilikuwa harufu. Bi Pembe alipofunua wali wake, mate yalimjaa Mama Makopo akaona mfungo wote unataka kumponyoka. Kwa hiyo akaacha kwenda bencheni. Kengele ya mchana ikilia alipitiliza stoo, akajifungia na marobota ya mashuka, akachuchumaa na kuinuka akiwa amekumbatia gunia la sabuni ya unga. Mboga nayo hakuleta, ya nini, na yeye hali. Na zile siku alizokuwa akila, alikuwa ameshazoea stoo.

Siku ya kwanza Bi Pembe alimuuliza, "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefunga."

"Mpaka lini?"

"Mwili utaniambia mwenyewe."

"Haya," akasema Bi Pembe. "Mwili ukikwambia, na mimi uniambie."

Hakumwambia. Kusema kweli alikuwa amejaa sifa siku hizo. Mkanda wa sare ulikuwa umerudi nyuma matundu kadhaa, wenzake walimgusa mikono wakishangaa, na msimamizi alimwambia atamweka mlangoni azuie wezi. Aliposhika shuka alivuta mpaka Bi Pembe akajikuta anasogezwa mbele, viatu vikiteleza sakafuni.

"Unavuta kama unaninyang'anya," Bi Pembe alisema siku moja.

Mama Makopo akacheka. Mwenzake hakucheka, na yeye hakuona. Hakuona pia kwamba wali wa Bi Pembe ulikuwa mkavu, kwamba ulipungua kidogo kidogo, na kwamba pembe za mashuka zilikuwa zikipishana bila mtu kusema tuanze upya.

Alikuwa katikati ya mfungo mrefu kuliko yote aliyowahi kuijaribu, alipoingia kazini asubuhi moja akakuta upande wa pili wa meza hakuna mtu. Akangoja. Akamuuliza msimamizi kama Bi Pembe anaumwa.

"Yuko taulo," akasema msimamizi.

"Umemhamisha?"

"Ameomba mwenyewe. Mimi nilimkatalia, akaomba tena."

Taulo hukunjwa na mtu mmoja. Meza yake iko kwenye kona, nyuma ya mashine za kukaushia, na kelele za pale hazimruhusu mtu kuongea hata akitaka. Huwekwa wageni kazini, au wale waliogombana na kila mtu. Mama Makopo alikwenda huko huku mapigo ya moyo yakimwenda mbio, akajidanganya kwamba ni njaa.

Ilimbidi amsogelee karibu na sikio. "Nimekukosea nini?"

Bi Pembe hakuacha kukunja. "Hujanikosea kitu."

"Sasa?"

"Nyumbani nakula peke yangu. Hapa nikawa nakula peke yangu. Nikaona bora na kazi niifanye peke yangu, nizoee jambo moja."

"Lakini ulijua nimefunga."

"Nilijua," akasema Bi Pembe. Akaweka taulo juu ya mengine, akachukua lingine.

Siku hiyo Mama Makopo alikunja mashuka na msichana mgeni aliyekuwa akitazama saa. Shuka halikumwambia chochote kuhusu yule msichana, wala yeye hakutaka kujua. Alirudi nyumbani jua bado halijazama, akasimama mbele ya makopo ya mwisho, yale aliyokuwa akiyakwepa miaka yote. Hakupanga kuyashika. Alikuwa na hasira tu, na hakujua pa kuipeleka. Akainama, akakaza mgongo, akavuta pumzi, akasukuma sakafu kwa miguu, na makopo yakainuka. Yakapanda mpaka magotini, yakapanda tena, akanyooka wima nayo. Mume wake angepiga makofi.

Akageuza uso huku na huku. Ujia ulikuwa mtupu, kama ulivyokuwa jana na juzi. Akayashusha taratibu, akatafuta simu, akampigia kitinda mimba.

"Mama, niko na wageni, nitakupigia," akasema binti, na kwa sauti yake alikuwa na furaha.

"Hakuna neno, mwanangu. Pokea wageni wako."

Akabaki ameshika simu. Aliyetaka hasa kumwambia alikuwa Bi Pembe, na kesho asingemwambia, kwa sababu kesho Bi Pembe atakuwa kwenye kona yake akikunja taulo. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa ameikimbia sauti ya meno yake, na alipoikimbia alimwachia mwenzake aisikilize. Akaketi kwenye kigoda akalia. Alikuwa na nguvu kuliko wakati wowote wa maisha yake, na hakuwa na mtu.

Mfungo mrefu hauvunjwi kwa pupa. Alichemsha mchuzi mwepesi, akaunywa kwa vijiko amesimama, akangoja tumbo likubali. Asubuhi akapika mboga kwenye ile sufuria yake kubwa, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bila kuona kwamba ni kubwa mno, akajaza chombo cha watu wawili na kukifunga kwenye kitambaa safi.

Kengele ya mchana ilipolia alikwenda kwanza kwenye kona ya taulo. Kwa kelele zile, alimwonyesha tu kile chombo. Bi Pembe alikitazama, akafuta mikono, akamfuata mpaka bencheni. Wakaketi. Mama Makopo akafungua kitambaa, akafunua, akatoa vijiko viwili. Mwenzake hakuwa amebeba kitu.

"Wali uko wapi?"

"Siku hizi sili mchana," Bi Pembe akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu hamu iliponitoka. Si nilikwambia nataka kuzoea? Ni kweli, nimezoea. Hata harufu hainisumbui."

Mama Makopo alishika kijiko bila kujua akipeleke wapi. Aliangalia mikono ya mwenzake iliyopumzika mapajani. Ilikuwa imekonda, na hakujua imekonda lini, yeye aliyekuwa akikabidhiwa pembe na mikono ile kutwa nzima.

"Basi na mimi sili," akasema, akaanza kufunika.

"Usifunike." Bi Pembe akamshika kifundo cha mkono, na mshiko wake ulikuwa mwepesi. "Umefunga siku nyingi, kula. Mimi nitakaa hapa."

"Utakaa tu?"

"Nitakaa tu. Kukaa na mwenzako anapokula hakuvunji mfungo. Hilo nilikuwa nangoja ulijue mwenyewe."

Mama Makopo akala. Alikula polepole kwa sababu tumbo lilikuwa halijazoea. Bi Pembe alikaa pembeni yake, magoti pamoja, akitazama ukuta wa mbele, mpaka kijiko cha mwisho. Hakugusa kijiko cha pili. Kengele ilipolia aliinuka, akapangusa sketi, akarudi kwenye kona yake ya taulo.