Salim Alivyokunywa Vitabu vya Baghdad

Juzi nilipiga hodi kwa jirani yangu nikapokewa na harufu ya zafarani iliyochanganywa na marashi ya waridi, nikajua bila kuuliza kwamba ndani pana mtoto anaandikiwa kombe. Na kweli, sahani nyeupe ilikuwa juu ya mkeka, imejaa aya za Kurani kwa wino wa manjano iliyoiva, na kijana wa mtihani amekaa kando akisubiri maandishi yaoshwe kwa maji ayanywe. Kwetu Mji wa Kale hilo si jambo la kushangaza. Mgonjwa hunywa apone, mwanafunzi hunywa afahamu. Lakini mimi harufu ile hainikumbushi ugonjwa wala mtihani. Hunikumbusha ndugu yangu Salim, na Wamongolia.

Msinicheke bado.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha kwanza. Baba alikuwa ametutoka miaka miwili nyuma, na Mama akamfuata mwaka ule, baada ya miguu yake kuanza kuvimba na figo kukataa kazi. Dawa za hospitali alimeza, kombe alikunywa, siku yake ikafika. Tukabaki watatu katika vyumba viwili vya juu, mtaa wa Kibokoni: mimi, Salim wa miaka tisa, na Dija wa miaka mitano. Chini yetu alikaa Bi Rukia, mjane aliyepika mikate ya mofa ya kuuza, na moshi wa tanuri lake ulipanda ngazi kila alfajiri ukatuamsha kabla ya adhana. Ami, ndugu yake Baba, alikaa mtaa wa Bondeni, na kila Ijumaa alituletea unga na sukari. Akiondoka alikuwa akisema, "Tutaangalia mpango wenu." Mpango huo niliuchukia kabla sijaujua.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye kupenda maswali yasiyo na jibu nyuma ya kitabu. Siku moja alitusimulia jinsi Wamongolia walivyotoka kwenye nyika zao na farasi wao, wakaumeza mji mmoja baada ya mwingine, hata wakafika Baghdad. Huko, alisema, husimuliwa kwamba walitupa vitabu mtoni, vingi mno, hata maji yakawa meusi kwa wino. Kisha akafuta ubao. "Nendeni mkaandike kurasa mbili. Wamongolia wasingetoka kwao, dunia ya leo ingekuwaje?"

Niliandika barazani, nikisoma kwa sauti, kwa sababu Salim hakuwa akibanduka ubavuni pangu. Tangu matanga ya Mama alikuwa mtoto wa maneno machache. Mimi nilijiamini kupita kiasi. Kwa kalamu yangu ya bei rahisi niliisimamisha Baghdad kama ilivyokuwa, na Samarkand pamoja nayo. Wachina niliwaachia wafalme wao, Warusi nikawaondolea kodi ya mgeni. Halafu nikafika kwetu. Barabara ile ndefu ya nchi kavu isingekuwa chini ya mtawala mmoja, niliandika, kwa hiyo wasafiri wa Ulaya wasingefika mbali vile na kurudi na habari za hariri na viungo. Wareno wasingeingiwa na tamaa ya kuizunguka Afrika, na Ngome yao hapa mjini kwetu isingejengwa.

"Pale pangekuwa na nini?" Salim akauliza.

"Minazi."

"Uwanja wa mpira," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuupima. Nikamwona anacheka.

Basi ukawa mchezo wetu. Kila jioni yeye na Dija wakirudi kutoka chuo cha Kurani, nikiwa nafua au napepeta mchele, Salim alianza, "Dada, wasingekuja..." na mimi nikamalizia. Dija alitaka kujua kama biskuti zingekuwapo. Nikamwambia zingekuwapo, tena kubwa zaidi.

Siku moja Salim aliuliza vitabu vile vya mtoni vilikuwa vya nini.

"Vya kila elimu. Nyota, hesabu, dawa."

"Dawa ya figo?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya sabuni na mgongo ulikuwa unaniuma. "Pengine," nikamjibu. "Wasingekuja, dawa hiyo leo ingekuwa inauzwa maduka ya hapo Makadara, na Mama angekuwa jikoni."

Nilidhani namfariji. Salim akachovya kidole katika maji ya sabuni. "Mto ule waenda wapi?"

"Baharini."

"Bahari hii?"

"Bahari zote zimeshikana, Salim. Niache nisuuze nguo."

Siku nne baadaye nilikuwa nikirudi kutoka shuleni nikamsikia Bi Rukia akiniita kabla sijageuka kona. "Zuhra! Mwana wee, kimbia! Huyu mtoto atatapika roho yake!" Salim alikuwa amelala kwenye ngazi, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na kopo lake la uji bado limo mkononi. Tulimpa maji ya dafu kijiko baada ya kijiko, na Bi Rukia akamkanda tumbo akimsomea kila sura aliyoijua. Alipopata nguvu ya kusema, tukajua kwamba kwa siku tatu alikuwa akiteremka Bandari ya Kale, anakunywa makopo mawili ya maji ya bahari, anarudi nyumbani kimya.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Ami alikuja, na haikuwa Ijumaa. Tulimsalimia, akaitikia, akakaa kitini bila kuvua kofia. Bi Rukia akapanda na birika la kahawa ambalo hakuna aliyemwagiza.

"Salim," Ami alianza, "nani alikwambia unywe maji ya bahari?"

"Hakuna, Ami."

"Mfereji wa nyumbani hautoki maji?"

"La. Nilikuwa nasoma."

"Wasoma bahari?"

Salim akaeleza, pole pole, kama mwalimu mbele ya darasa zito. Sahani moja ya kombe humtosha mtoto kufahamu masomo yake. Wamongolia walitia mtoni vitabu vya mji mzima. Mto umeingia baharini, na bahari imefika Bandari ya Kale. Mwenye kunywa vya kutosha atazijua dawa zote.

"Hao Wamongolia wamekuja lini?" Bi Rukia akaruka. "Mbona redio haikusema?"

"Ni zamani, Bi Rukia. Mamia ya miaka."

"Aa. Mimi nishadhani wako hapo ng'ambo, Likoni."

Ami alitaka kucheka, akajizuia. "Haya, bwana daktari. Na dawa waitakia nini? Mama yako keshatangulia, Mungu amrehemu."

Salim alininyooshea kidole, miguuni. "Ya Dada. Naye imeanza miguu."

Nilijitazama kana kwamba miguu ile ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa imevimba kweli, kama kila siku nikitoka shule. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akiikagua kila jioni na kuhesabu siku zangu.

"Umekwenda hospitali?" Ami aliniuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Si ugonjwa, Ami. Ni viatu."

"Viatu vina nini?"

Nikavileta. Alitia mkono ndani ya kimoja, akautoa, akakigeuza kukitazama soli. "Vya lini hivi?"

"Vya darasa la saba."

Akakiweka chini taratibu sana. Ndipo akautaja ule mpango. Dija aende Malindi kwa shangazi yetu. Salim aje Bondeni. Na mimi nihamie shule ya bweni, yeye atalipa, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa amemwambia kichwa changu si cha kupotezwa. "Jana nilipoletewa habari nilisema moyoni umemfundisha mtoto upuuzi," aliongeza. "Leo sisemi hivyo. Lakini yaonekana huwezi kuwalea, mwanangu. Si kosa lako."

"Upuuzi nilimfundisha mimi, Ami," nikasema. "Na mtoto huyu amekunywa bahari kwa kudhani nitakufa. Ukimweka mahali asiponiona kabisa, atakunywa nini?"

Bi Rukia akamimina kahawa. "Mimi tanuri langu lataka mikono miwili zaidi, na ujira upo," alisema kama anayezungumza na birika. "Chini hapa hapa. Zuhra akiinua kichwa, awaona wenziwe."

"Na shule?" Ami akaniuliza.

"Nitaiacha."

"Wajua wasema nini?"

"Najua."

Alivua kofia, akapangusa nayo paji la uso, akaivaa tena. "Ndugu yangu angekuwapo..." akasema, hakumaliza. Aliinuka akamshika Salim kichwani. "Haya. Watakaa. Na wewe, ukisikia kiu tena, kuna mfereji."

Zile kurasa mbili sikuzipeleka kwa mwalimu. Jumatatu yake nilikuwa mbele ya tanuri, nikijifunza kuubandika mkate ukutani mwake kwa ndani bila kuunguza mkono, na nikaunguza, na nikajifunza.

Kwa miaka mingi nilimsimulia kila mtu kisa hiki kama kichekesho cha mtoto mjinga na dada yake mwerevu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kati yetu wawili aliyekuwa akitoroka ni mimi. Mimi niliandika dunia ambamo wale watu hawakuja, na Mama hakufa, na nikastarehe humo. Salim alikubali kwamba walikuja. Aliamini vitabu vimetupwa na Mama amezikwa, kisha akauliza swali ambalo mwalimu hakutupa: sasa kilichobaki kiko wapi, na kitafikiwaje? Jibu lake lilikuwa la chumvi na lingemuua. Lakini swali lilikuwa la mtu mzima, na bila ya yeye kuliuliza kwa tumbo lake mbele ya Ami, sijui kama mimi ningejua nini cha kushikilia.

Salim hakuja kuwa daktari. Hutengeneza mafriji karibu na Mwembe Tayari, na baharini haingii hata kuogelea. Idd iliyopita walikuja wote kwangu. Tulikuwa watu kumi na mmoja chumba kimoja, na Dija akigombana na watoto wa Salim juu ya nyama ya mwisho ya biriani. Salim aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, usingeiacha shule, leo ungekuwa nani?"

Nikamwambia asogee, amenizibia sinia.