Mwisho wa Kagezi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya vipimo hapa Gisenyi, kapita wetu, yaani msimamizi wa vibarua, alinitwika begani mnyororo wa chuma wa mita ishirini, akaniambia nisiupinde. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri na niliandika tarakimu safi; hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Mnyororo huvutwa na watu wawili. Anayetangulia hushika pia jaloni, mti mrefu uliopakwa nyekundu na nyeupe ili uonekane kwa mbali. Nyuma yetu alisimama Bwana Jometre, mpimaji Mbelgiji, jicho kwenye darubini ya miguu mitatu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tulitumwa kupima uwanda wa mawe meusi ya volkano, kaskazini ya mji. Watu wa kando ya ziwa hushangaa nikiwaambia kwamba kule ni kukavu. Mvua inanyesha, lakini mawe yale yana nyufa, yanameza maji yote. Mto ulikuwa mmoja tu, wenyeji wakiuita Kagezi, nao ulipita wiki chache kwa mwaka. Ulishuka kwenye mteremko, ukapinda kona tatu katikati ya mawe, halafu ukatandaza maji yake kwenye mchanga mweusi, mahali tambarare, ukapotelea humo. Miezi mingine uliona njia ya mchanga tu, na mashamba ya watu waliolima kandokando kwa sababu chini kulibaki unyevu.

Hayo niliyajua baadaye. Sisi tulifika kiangazi. Bwana Jometre alibaki juu na darubini, akanituma niufuate mto na jaloni hadi mwisho wake. Jua lilikuwa kali, na mawe yalikuwa yamenikata nyayo. Kwenye kona ya pili nilikuta majani yamefunika mchanga. Nikakaa, nikapumzika, kisha nikasimamisha jaloni palepale. Niliporudi aliniuliza:

“Mto inaishia pale kweli?”

“Ndiyo, Bwana. Inaishia pale.”

Akaandika. Ramani ilipochorwa, Kagezi ulikuwa mstari unaokoma kwenye kona ya pili. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

Konduktere, yaani msimamizi wa ujenzi wa barabara, alipenda sehemu ile nyeupe. Akaamua kuweka hapo kambi ya wafanyakazi wake pamoja na wake zao na watoto. Nilitumwa kusimika vigingi. Jirani na hapo alilima Mama Veneranda, mjane wa makamo. Hakugomba. Alinipeleka kwenye mti mmoja katikati ya vigingi vyangu, akanionyesha nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi, juu ya kiuno changu.

“Hii ni maji iliiweka,” aliniambia. “Ni nani aliambia wazungu mto haifike huku?”

“Mi sijui, mama.”

Nikamaliza vigingi vyangu. Siku zilizofuata chakula kilinishinda. Nyumba za kambi zilipofika kumi, nilikwenda kwa Bwana Jometre nikamweleza yote, nikijua naweza kufukuzwa. Aliikunjua ramani, akaweka kidole kwenye kona ya pili.

“Ulichoka?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Ungesema umechoka, tungerudia kesho yake.”

Kesho yake tuliufuata mto pamoja hadi mwisho, naye akapima mwenyewe urefu wa zile nyasi. Konduktere alikataa kuhamisha kambi. Wakabishana kwa Kifaransa mlango umefungwa, na mwishowe familia zikapelekwa mteremkoni. Nyumba ziliachwa tupu. Mimi nilivuliwa jaloni, nikabeba mizigo mwaka mzima.

Mvua ziliposhika, maji yalishuka alasiri moja, ya rangi ya udongo, yamebeba magogo. Yalizoa nyumba zote kumi. Hakufa mtu. Lakini watu wa barabara walikuwa wamesawazisha uwanja na kurundika mawe upande mmoja, na rundo lile likageuza mto ukaingia shamba la Mama Veneranda, ambalo maji hayakuwahi kulifikia. Viazi vilifukiwa chini ya mchanga. Siku ya tatu maji yalikwisha kunywewa na ardhi. Mama Veneranda akahamia kwa kaka yake, kule Rugerero.

Baadaye nilirudishiwa jaloni. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine watatu, nikawa kapita, kisha mpimaji msaidizi, mpaka nikastaafu. Katika ramani mpya Kagezi ulichorwa kwa vitone, alama ya mto unaokuja na kuondoka, nao ulifika hadi mwisho wake. Ofisini vijana walisimuliwa kwamba mimi ndiye niliyeokoa kambi, nami sikuwakatiza.

Mama Veneranda nilimkuta mara nyingi soko la Mahoko, akiuza viazi vilivyolimwa na wengine. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za watoto. Bwana Jometre nilimwambia ukweli kwa sababu hata ningenyamaza, mvua ingemwambia. Yule mama hakuwa na wa kumwambia ila mimi, na alikufa akiamini kwamba sijui ni nani aliyewaambia wazungu.