Hema Lisilokaa Rangi Moja

Mimi rangi huniwasha. Nikiingia nyumbani kwa mtu nikakuta ukuta wa rangi isiyonipendeza, chai haishuki vizuri mpaka nimeshaupaka upya kichwani mwangu. Mke wangu anasema nina wadudu vidoleni. Sawa. Wadudu hao ndio waliojenga nyumba anayolala.

Niliacha shule darasa la tano nikaanza kuandika majina ya maduka pale Jinja mjini, kwenye zile nyumba za zamani za Wahindi zenye varanda mbele. Ukipita barabara kuu ukaona herufi zimenyooka kama askari kwenye gwaride, hata kama zimepauka, ujue mkono huo ni wangu. Hapakuwa na mwingine. Kutoka Walukuba mpaka sokoni, aliyetaka duka lake lisomeke toka ng'ambo ya barabara alinitafuta mimi.

Tatizo la kazi ile ni wenye maduka. Leo anataka buluu. Buluu ikishakauka, mkewe anapita anasema hapa pamekuwa zahanati. Basi unarudi na kikwangulio na msasa, unakwangua kazi yako mwenyewe, na vumbi lake unalimeza. Nimekohoa rangi zote za upinde wa mvua.

Mabango ya kuchapishwa kwa mashine yalipoingia, wenzangu walikaa chini wakalalamika. Mimi sijui kukaa chini. Nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, kifuniko chake kimeshikwa kwa selotepu, nikajifundisha kutengeneza kurasa za mtandao kwa kutazama video. Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini kompyuta haijawahi kuniuliza cheti.

Siku moja nilikuwa natengeneza ukurasa wa mwenye hoteli ndogo ya chai, na nilikuwa nimechora birika. Nikabonyeza pasipofaa, faili la birika likafunguka kwenye programu ya kuandikia maneno. Birika halikuwepo. Palikuwa na herufi na namba, mstari juu ya mstari. Nilidhani nimeliua. Nikatazama vizuri, nikaona katikati ya vurugu ile neno fill, yaani jaza, na mbele yake namba ya rangi nyeusi. Nikaifuta, nikaandika red, nikahifadhi, nikafungua upya. Birika jekundu. Hakuna msasa, hakuna vumbi.

Nilisimama nikatoka nje, nikaizunguka nyumba yote, nikarudi nikaliweka kijani. Nikatoka tena. Jirani akaniuliza kama kuna mgonjwa ndani.

Tangu siku hiyo nilielewa jambo ambalo watu wengi wanaotumia kompyuta maisha yao yote hawalijui. Picha ya kamera ni kama punje za mchele zilizopakwa rangi zikamwagwa mezani: kubadilisha rangi ni kuhangaika na punje moja moja. Picha ya vekta ni maagizo. Anzia hapa, nenda kule, pinda, rudi, funga, halafu jaza rangi hii. Mwenye maagizo ndiye mwenye picha. Na mimi ndiye niliyekuwa na maagizo.

Ndipo akanipata mama mmoja wa Malukhu, kule Mbale. Ni Mkenya wa upande wa Bungoma, aliolewa huku, na anakodisha mahema na viti vya arusi, mazishi na sherehe za kutahiri. Alitaka ukurasa wa kawaida tu: mchoro wa hema, mchoro wa kiti, namba ya simu. Lakini mimi sifanyi kitu cha kawaida.

Nilichora hema likapendeza. Nikataka libadilike rangi kwa amri yangu, likakataa. Nilikuwa nimeliita kutoka nje kama picha nyingine yoyote, na ukurasa hauwezi kuingiza mkono ndani ya picha iliyoitwa hivyo. Ni kama kupaka ukuta ulio nyuma ya kioo. Rangi inaishia kwenye kioo. Nilihangaika, nikala nimesimama, mpaka nikayanakili maagizo yote ya hema na kuyapanda ndani ya ukurasa wenyewe. Kisha nikang'oa kila rangi iliyoandikwa mle, na mahali pake nikaweka neno moja ninalolipenda kuliko yote: currentColor. Ukiliandika hilo, picha inaacha kuwa na rangi yake. Inafuata rangi ya kilichoibeba, kama mtoto mgongoni anavyokwenda anakokwenda mama.

Hapo hema lilikuwa mkononi mwangu. Mtu mwingine angetosheka. Mimi nikaongeza mistari michache: kila ukurasa unapofunguliwa, chagua rangi moja kwa bahati, lipake hema. Ukifungua, zambarau. Ukifungua tena, njano. Nyekundu, buluu, kijani. Sikuambiwa nifanye hivyo. Mama alipoliona alicheka sana. "Fundi, hema langu linabadilisha nguo kuliko bibi arusi." Na maharusi walilipenda, wateja wakaongezeka.

Kisha ukaja msimu wa kampeni.

Aliyekuwa Uganda msimu huo hahitaji kuelezwa. Shati huwa si shati tena. Ukivaa njano umesema, ukivaa nyekundu umesema, hata ukivaa soksi watu wanakuinamia kuziangalia. Mimi nilikuwa Jinja na kazi zangu, sikufikiria hema. Asubuhi moja simu ikalia, mama wa Malukhu.

"Fundi, hema langu ni la rangi gani?"

"Rangi yoyote utakayo, mama."

"Hilo ndilo balaa lenyewe."

Akanieleza. Jirani yake, mzee aliyeheshimika mtaani, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake. Vijana wake wawili walikuwa wakipigia kampeni wagombea wawili wa kiti kimoja cha udiwani, mkubwa kwa mgombea wa njano, mdogo kwa mgombea wa nyekundu. Mama aliwatumia wote wawili ukurasa wake ili wakubaliane mahema. Mkubwa akafungua simu yake, akaona hema jekundu. Mdogo akafungua yake, akaona la njano. Kila mmoja akaamini mwenzake amekwenda kwa siri kuagiza hema la chama chake, ili mazishi ya baba yao yageuke mkutano wa kampeni. Walitaka kupigana mbele ya jeneza. Sasa mdogo amepata mahema ya mtu mwingine, mkubwa amesema hayo hayatakanyaga kiwanja cha baba yake.

"Naifuta sasa hivi," nikamwambia. Vidole vilikuwa tayari.

"Usiguse," akasema. "Ukibadilisha sasa watasema nimeficha. Njoo uwaoneshe kwa macho yao. Wakizika kwa mahema mawili, huu mtaa hautasahau kwamba chanzo ni mimi."

Kwangu hakuna adhabu inayozidi hiyo. Najua mstari ulipo, najua neno la kufuta, na nimekatazwa kugusa. Niliendesha gari langu barabara ya Tirinyi nikiwa nauona ule mstari mbele ya kioo. Kwenye mashamba ya mpunga nilisimama, nikafungua ukurasa kwenye simu. Njano. Nikafungua tena. Njano. Nikaanza kutoka jasho, maana kama bahati itaganda kwenye rangi moja, nitawaonesha nini? Mara ya tatu, buluu. Nikaendelea.

Msibani wanawake walikuwa wanamenya matoke, wanaume wamekaa makundi mawili, na katikati ya makundi kiwanja kitupu ambacho kilipaswa kuwa na hema. Mama alinipeleka kwa ndugu wa marehemu, mtu wa magereza aliyestaafu, ambaye kila mtu alimwita afande. Nilimwamkia "mulembe", salamu ya kwao, nikamuona anapima mdomo wangu.

"Wewe ndiyo ulipaka hii hema?"

"Ndiyo, afande. Niliichora na kuipaka, yote mimi."

"Wewe Msoga?"

"Wa Jinja, afande."

"Basi simama sawasawa kama mtu aliyetahiriwa. Mbona unacheza cheza miguu?"

"Nimetahiriwa, afande. Hospitalini."

"Hospitalini," akasema, na wazee wakacheka. Kwao mwanamume hukatwa amesimama wima mbele ya watu. "Ndiyo maana haijatulia."

Nikaweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki, nikaomba ndugu wawili wasogee. Mkubwa alikuja upande wa kulia, mdogo kushoto, hawatazamani. Nikafungua ukurasa. Hema jekundu.

"Umeona?" mkubwa akasema. "Alilipia hili."

"Subiri, bwana."

Nikafungua tena. Zambarau. Tena. Njano. Sasa mdogo ndiye aliyekohoa. Tena. Kijani. Tena. Njano. Sikuwapa nafasi ya kusema, nilibonyeza na kubonyeza, na hema likapita rangi zake mbele ya wafiwa.

"Hakuna aliyeagiza," nikasema. "Ni mimi niliyeliambia lijichagulie. Hapa kuna mistari, hapa kuna rangi, halijui chama wala msiba."

Mwanamke mmoja, kisu mkononi na ndizi mkono wa pili, akasema kutoka kule kwenye masufuria, "Hilo si hema, ni mheshimiwa. Asubuhi upande huu, jioni upande ule."

Kicheko kilipita kwa makundi yote mawili. Lakini wale wawili hawakucheka.

"Basi liwe moja," mdogo akasema. "Liandike rangi moja tuone."

"Nyeupe," nikasema.

"Nyeupe ni ya yule mgombea binafsi. Karatasi zake zimejaa sokoni."

"Buluu," mkubwa akasema.

"Buluu wapo, wana mgombea wao," mdogo akajibu.

"Kijani?"

Mama mwenye mahema akanyoosha mkono. "Kijani pia wapo, usiniletee kijani."

Mimi niliyepaka mji mzima nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikakosa rangi. Miguu ikanitoa kwenye kiti. Nikazunguka kile kiwanja kitupu, nikapita kwenye kundi hili nikatokea kwenye kundi lile, watu wananitazama. Afande akauliza kama fundi anatoroka. Nilipomaliza mzunguko nilijua. Nilirudi, nikafuta ile mistari ya bahati, na mahali pa kujaza rangi nikaandika none, hakuna. Nikabakiza mstari wa pembeni tu, mwembamba, wa kijivu cha penseli.

Hema lilibaki mifupa. Nguzo, kamba, paa, na ndani yake unaona weupe wa ukurasa wenyewe. Katika kazi zangu zote sijawahi kumpa mteja kitu kisicho na rangi, lakini mistari ilikuwa safi, lazima niseme. Kazi mbovu hujificha kwa rangi. Yangu ilisimama uchi na haikuona haya.

"Fungueni simu zenu," nikawaambia.

Mkubwa akafungua, akatikisa kichwa kukubali. Mdogo akafungua yake, uso ukakunjamana. "Yangu bado njano."

Nilijua ni nini: simu huhifadhi ukurasa iliokwisha kuuona, haitaki kuusoma upya. Lakini nenda ukawaeleze hilo watu waliotaka kupigana asubuhi. Nikamnyang'anya simu, nikafuta kumbukumbu ya ukurasa, nikafungua tena. Hema likatokea. Mistari mitupu.

Mdogo akaichukua simu yake, akaiweka karibu na ya kaka yake. Akazitazama zote mbili muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akajitenga hatua chache, akapiga simu.

"Yale mahema mengine," akasema, "yasije."

Mama mwenye mahema aliketi chini, kwenye nyasi, na nguo yake nzuri.

Sikurudi Jinja siku hiyo. Niliambiwa ni lazima nile na nizike nao, na kesho yake lori la mama likaleta mahema ya kweli. Nilikuwa sijawahi kuyaona. Yalikuwa maturubai makuukuu, yameshonwa viraka, rangi imeliwa na jua na matope ya Mbale mpaka usingeweza kuapa yalianza yakiwa ya rangi gani. Nilitazama kiraka kimoja karibu na nguzo, nikaanza kufikiri hapo ningeweka nini.

Ibada ikiwa inaendelea, mvua ikashuka kutoka mlimani. Upande aliokaa mkubwa na watu wake, turubai lilikuwa limepasuka na maji yakaingia. Watu wake walisimama na viti vyao wakabaki wamevishika, hawajui waende wapi, kwa sababu pakavu palikuwa kule kwa mdogo. Mdogo alitazama mbele, kwa mhubiri. Halafu bila kugeuka akavuta kiti chake pembeni, na wa nyuma yake wakavuta vyao, na kaka yake akaja akakaa bega kwa bega naye, akipangusa maji usoni kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikwenda nje mvuani, nikaikaza kamba ya ule upande uliopasuka, nikaizunguka nguzo, nikairudia kamba. Mama akaniashiria kwa mkono nirudi nikae. Nilirudi. Nikakaa kidogo.