Jumapili za Daktari Bolamba

Asubuhi moja siisahau, mwanangu, hata nikisahau nilichokula jana. Nilikuwa nesi kijana katika wodi ya upasuaji hapa Kisangani, na mkuu wa hospitali alikuja kumtafuta Daktari Bolamba. Alimkuta akinawa mikono. Mimi nilikuwa nikipanga vyombo, hakuna aliyeniambia nitoke, basi nikasikia yote.

Usimfikirie yule mzee mwembamba uliyemwona kitandani mwaka huu. Wakati ule Bolamba alikuwa na mabega ya mpiga kasia. Alizaliwa Yanonge, kwa watu wa mto, na masomo yake yote hayakumtoa majini. Zamu ikiisha alishuka bandarini Makiso na kuondoka na mtumbwi wake. Asipokwenda kuvua, alipanda baiskeli mpaka ng'ambo ya mto Tshopo, au aliingia msituni kusikiliza ndege akarudi na majani kwenye ndevu. Alifuga nyuki pia, nao walimuuma bila kujali shahada zake. Mji ulimcheka. Daktari mzima anashindana na vijana wa toleka wanaobeba abiria kwa baiskeli! Walitaka wamwone ndani ya gari, tai shingoni.

Mkuu hakuja kwa ubaya, nisimsingizie. Wodi ilihitaji kiongozi, na sote tulijua nafasi ile ni ya Bolamba. Tatizo ni wakubwa wa kamati walionung'unika.

“Docteur,” mkuu alisema, “batu banasema weye iko muvuvi. Bon, tutengeneze. Mbele ya comité useme tu unaendaka kutunza bagonjwa mu mavillage. Alors, wodi inakuwa ya kwako.”

“Mais Chef, minaendaka kuvua samaki.”

“Najua. Weye sema tu.”

Bolamba alijifuta mikono taratibu. “Bagonjwa banapataka siku yangu yote ya kazi. Jumapili minapenda mayi ya muto. Minapenda tu. Donc, niombe pardon juu ya nini?”

Nafasi ikapewa mtu mwingine. Sitakudanganya kwamba haikumuuma. Mpaka anastaafu aliongozwa na watu aliowafundisha mwenyewe kushika kisu cha upasuaji, na mshahara wake ulibaki palepale. Lakini Jumapili iliyofuata mtumbwi wake haukuwepo bandarini; alikuwa nao mtoni.

Wiki iliyopita alifariki, tukamlilia. Kabla jeneza halijatoka, pasta alisimama kumsifu. Mtu mwema kabisa yule pasta. Akasema marehemu alizunguka mitoni na misituni maisha yake yote akitafuta wagonjwa waliosahaulika. Watu wakaitikia amina. Mwanangu, damu ilinichemka! Uongo uleule alioukataa akiwa hai, akakosa wodi kwa kuukataa, sasa wanamvisha akiwa hawezi kujibu. Nikasimama bila kuitwa, na magoti yangu haya mabovu.

“Pasta, pardon,” nikasema. “Docteur alikuwa anaendaka kuvua. Na samaki ingine alikuwa anaachilia, juu alipenda tu kuiona.”

Mama mmoja akanivuta kitenge nikae, nikaukung'uta mkono wake. Ndipo binti wa marehemu, aliyekaa karibu na jeneza tangu alfajiri, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

“Ni kweli, mama,” akasema. “Papa alipenda mayi.”

Nawe umeanza udaktari juzi tu, na tayari wanakuambia mpira si wa watu wa heshima. Nisikilize vizuri. Fanya kazi yako kwa moyo wote. Bolamba hakuwahi kumwacha mgonjwa wa zamu yake akaenda majini, mimi ni shahidi. Ukimaliza, toka nje. Usiitafutie furaha yako sababu nzuri ya kuwapa watu. Ukianza kuiombea ruhusa, watakupangia hata namna ya kucheka. Utanyimwa vitu, ndiyo, na vingine utavililia. Lia, kisha vaa viatu vyako uende uwanjani.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka juu ya mgonjwa, na miguu isiyochoka kukimbia. Akupe wazee wakali wa kukutetea. Na siku utakapolazwa jenezani mbele ya watu, asikosekane mmoja wa kusimama na kusema ulivyokuwa kweli.