Redio Iliyofaulu Kwenye Ukimya

Kazini walimwita Bi Sikio, na jina lilimkaa. Tangu amalize chuo alikuwa akipima redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana, katika maabara ya mamlaka ya masafa ya mawasiliano: za polisi, za zimamoto, za zahanati. Redio haikugawiwa mahali popote mpaka ipite mikononi mwake. Alikuwa na chumba chake cha chuma pande zote, mlango mzito kama wa jokofu la bucha, na wimbi la nje halikuweza kupenya humo. Alikuwa akirusha sauti hafifu, akasikiliza kama redio inaidaka, na ikiidaka anaibandika kibandiko cha kijani na kutia sahihi. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe alimpitisha humo kabla ya kumkubali. Mume naye alisema ni kweli, alifaulu kwa kunyamaza.

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga kwenye zahanati ya mlimani. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimsuka, alimfunza, alimchapa ilipobidi. Huko mlimani simu za mkononi hazikushika, hivyo zahanati iliita gari la wagonjwa kwa redio ya upepo. Mjini aliyepokea miito hiyo alikuwa mzee mmoja waliyemwita Mzee Nimekupata, kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni. Mkewe akimtuma chumvi, "Nimekupata." Ukimpa pole ya msiba, "Nimekupata." Msimcheke sana, kazi ndiyo iliyomzoesha. Gari lilikuwa moja na zahanati nyingi, na liliwahi kukimbilia kusiko huku mgonjwa akifia kwingine. Tangu hapo ukawekwa utaratibu: gari halitoki mpaka aliyeita asikie jibu la kituo, naye athibitishe.

Hatimaye mnara wa simu ukajengwa mlimani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Walikuwa wamesubiri mno. Mchana ule mafundi walipouwasha kuujaribu, dada alikuwa na mama aliyekuwa akivuja damu kabla ya kujifungua. Aliita gari. Kwenye redio hakusikia kitu ila mvumo. Aliita tena, akaita akilia, mwisho akaitupa redio na kuwaambia ndugu wa mgonjwa wanyanyue kitanda. Waliteremka naye mlima kwa miguu. Mama alipona kwa kudra za Mungu. Mtoto walimzika.

Makaburini dada hakutoa chozi. Alisema mbele ya watu wote kwamba Mzee Nimekupata alikuwa amelala kazini, na kwamba roho ya kile kichanga iko juu yake. Mzee aliapa kuwa alimsikia na alimjibu. Nani angemwamini? Akasimamishwa kazi, na watu wakawa wanapita mbele ya mlango wake bila hata kumpa salamu.

Mamlaka ikaitaka redio ile maabarani. Bi Sikio alipofungua boksi alikutana na kibandiko cha kijani na sahihi yake mwenyewe. 

Aliipima chumbani mwake kama kawaida. Ikadaka hata mnong'ono. Mkuu wa maabara akachungulia mlangoni.

"Nzima hiyo. Basi mwenye makosa ni mnara."

"Mnara nimeshaupima, bosi. Haujatoka kwenye njia yake ya masafa hata kidogo."

"Basi mzee alilala. Yaishe."

 Bi Sikio alikaa akiitazama ile redio, na polepole likamjia wazo. Miaka yote alikuwa akizipima redio kwenye ukimya, na ukimya ule haukuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya chumba chake. Akaleta mtambo wa pili, akautegesha kwenye njia ya jirani, ile ya mnara. Akarusha sauti yake hafifu, redio ikaidaka. Akamwasha jirani, yaani ule mtambo wa pili. Sauti ikafa, ukabaki mvumo. Kusema, redio bado ilisema vizuri kabisa. Kusikia ndiko kulikoziba, kwa sababu kichujio chake kilikuwa hafifu na kilimwachia jirani aingie ndani kama nyumba isiyo na mlango.

"Basi tuusogeze mnara masafa ya mbali," mkuu alisema alipoonyeshwa. "Tuache nafasi tupu katikati."

"Tutaacha nafasi ngapi, bosi? Masafa ni kama shamba la ukoo, hayaongezeki. Kila redio mbovu tukiipa uwanja wa kulala, watu wa mlimani watapata simu lini? Sheria zetu zinamchunga anayesema asivuke mpaka. Anayesikiliza hajaulizwa lolote."

"Lakini kibandiko ni chako. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Angeweza kunyamaza. Mzee hakuwa ndugu yake, na makosa yanayozaliwa na utaratibu hayana mwenyewe. Lakini alikwenda kwenye kikao cha mamlaka, akaiweka redio mezani, akawasikilizisha sauti ikifa. Mzee akarudishwa kazini. Ikaamriwa mnara usiwashwe tena mpaka redio zote za aina ile zibadilishwe, na kuanzia sasa kipokezi, yaani sehemu ya redio inayosikiliza, kisipitishwe bila kupimwa jirani yake akiwa anavuma. Bi Sikio akapewa karipio lake, akalipokea kwa mikono miwili. Kilichomwelemea kilikuwa kimebaki mlimani.

Alipanda mwenyewe na redio mpya. Alimkuta dada akichemsha mikasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Alitaka kuanza mbali, akashindwa. "Dada, yule mzee hakulala. Alikusikia na alikujibu. Redio ndiyo iliyoziba masikio pale mnara ulipowashwa. Na aliyeipitisha redio hiyo ni mimi."

Dada aliendelea kuitoa mikasi kwenye maji kwa koleo, mmoja mmoja, akiilaza juu ya kitambaa. Bi Sikio alisubiri tusi, au kofi kama zamani. Angelipokea kwa shukrani.

"Umeonana naye?" dada aliuliza.

"Nimeonana naye."

"Alikuwa anasemaje?"

"Anasema dereva alishawasha gari. Walikuwa wanasubiri uthibitishe tu."

"Nakuuliza siku ile alikuwa ananiambia nini."

Bi Sikio alitamani asiwe amemuuliza yule mzee. Lakini alikuwa amemuuliza, na mzee alikuwa amemjibu huku akijifuta macho.

"Alikuwa anakwambia, 'Mkunga, nakusikia. Usiondoke kwenye redio.'"

Dada alilishikilia koleo hewani, maji ya moto yakimchuruzikia kwenye mkono bila yeye kuukwepesha.

"Na mimi nikaondoka," alisema.